Kufunga darubini kwenye bunduki ya upepo na kuiseti sifuri

Darubini mpya imefungwa, peleti ishirini zimepigwa, na karatasi imetoboka kama chujio. Neno la kwanza linalosemwa ni "darubini mbovu". Kwa bunduki za springi lawama hiyo mara nyingi haimfikii mwenyewe. Kosa liko kwenye pete, kwenye reli, kwenye skrubu za kitako, au kwenye mkono ulioibana bunduki kupita kiasi. Kazi kubwa hufanyika mezani kabla hujapiga hata peleti moja, na ikifanyika vizuri, peleti thelathini hivi zinatosha kuiseti sifuri uwanjani, yaani kuifanya peleti itue palepale msalaba wa darubini unapolenga.

Hapa tunachukua mfano mmoja: bunduki ya springi ya kukunja mtutu, kipenyo cha milimita 4.5, yenye nguvu ya jouli 16 hivi, ikifungwa darubini ya 3-9x40, yaani ukuzaji wa mara 3 hadi 9 na lenzi ya mbele ya milimita 40. Hiyo ndiyo bunduki inayosumbua zaidi. Anayetumia ya mtungi wa hewa, inayojazwa kwa pampu, atafuata hatua zilezile akiwa na raha zaidi, kwa kuwa yake haina mrudisho wa kutajika.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Usidhani kwamba kwa kuwa haitumii baruti basi ni mwanasesere. Sheria ya silaha ya Kenya inaihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha. Ujerumani, isiyohitaji kibali ni ile isiyozidi jouli 7.5. England kikomo cha bunduki isiyo na cheti ni jouli 16.27, na Scotland inadai cheti tangu mwisho wa 2016. Uliza kituo cha polisi cha kwako kabla ya kununua, si baada ya kununua.

Kwa nini springi inaua darubini

Ukivuta kifyatulio, springi nzito inasukuma pistoni mbele, na bunduki inarudi nyuma kidogo begani. Pistoni inapokaribia mwisho wa silinda, hewa iliyobanwa mbele yake inaikamata ghafla, na sasa bunduki nzima inaruka mbele. Mitikisiko miwili, pande mbili tofauti, katika muda usiofika kupepesa jicho. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimeimarishwa kustahimili mrudisho wa upande mmoja tu. Ule wa pili unalegeza lenzi na kukata nyuzi za msalaba, hata kama darubini ni ya bei kubwa. Kwa hiyo nunua iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa bunduki za springi.

Mruko huohuo wa mbele ndio unaofanya kishikio cha darubini kitambae juu ya reli. Bunduki inakimbia mbele, darubini kwa uzito wake inabaki, na kila risasi kishikio kinarudi nyuma kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Baada ya risasi hamsini kimeonekana.

Jambo la pili la kuangalia dukani ni umbali ambao darubini imerekebishiwa. Za bunduki za baruti kwa kawaida zimesetiwa kiwandani kwa yadi 100, yaani mita 91. Kwa umbali wa mita 20, jicho likihama pembeni mwa kioo, msalaba nao unahama juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Kwa lenzi ya milimita 40 kosa hilo linaweza kufika sentimita moja na nusu, na hapo unatafuta kundi la matundu lenye upana huohuo! Chukua darubini yenye pete ya kurekebisha umbali, iwe kwenye lenzi ya mbele au nobu ya ubavuni, inayoshuka hadi mita 10.

Pete, reli na urefu

Bunduki nyingi za upepo hazina reli ya kupachikwa. Zina mifereji miwili sambamba iliyochongwa juu ya silinda, na upana wake huitwa milimita 11, ingawa kwa kipimo halisi hupungua au kuzidi kutoka kiwanda hadi kiwanda. Pete za reli pana ya kijeshi, ile ya milimita 21 yenye mapengo ya kukatiza, hazikai hapo. Bomba la darubini ni la milimita 25.4 au 30, na pete lazima zilingane nalo kabisa. Usijaribu kujaza tofauti hiyo kwa mkanda wa plastiki.

Kwa urefu, fanya hesabu hii. Lenzi ya milimita 40 ina ganda la nje la karibu milimita 50, kwa hiyo kutoka katikati ya bomba hadi juu ya silinda unahitaji zaidi ya milimita 25. Ongeza nafasi ya kupumua: kadi tatu za benki zikipita kati ya lenzi ya mbele na bunduki, inatosha. Usipande juu zaidi ya hapo. Pete ndefu mno zinainua jicho, shavu linaacha kitako, na kichwa kinachoelea hakirudi mahali pamoja mara mbili.

Kwa springi, kishikio cha kipande kimoja chenye skrubu nyingi ni bora kuliko pete mbili zilizotengana, kwani kinashika eneo kubwa zaidi la reli. Hakikisha kina pini ya kuzuia, yaani kijiti cha chuma kinachoshuka chini ya kishikio na kuingia kwenye tundu lililotobolewa juu ya silinda. Bunduki za Weihrauch, kwa mfano, huwa na matundu hayo. Kama ya kwako haina, funga kizuizi tofauti nyuma ya kishikio. Kuna wanaokaza pini ikandamize silinda isiyo na tundu; pini inateleza hivyohivyo, na inaacha mkwaruzo wa kudumu.

Kazi ya mezani

Hakikisha bunduki haina peleti na haijakokiwa. Fungua mtutu uangalie kwa macho, usitegemee kumbukumbu. Vifaa ni vichache: aleni ki zinazoingia vizuri kwenye skrubu, pimamaji ndogo, uzi mweupe wenye kitu kizito kwa ajili ya timazi, spiriti, kitambaa safi na kalamu ya penseli.

Kwanza kaza skrubu za kitako. Wengi wanaruka hapa. Skrubu za kitako za bunduki ya springi hulegea zenyewe, na zikilegea hakuna darubini duniani itakayokupa kundi. Tazama pia bolti ya mahali mtutu unapokunjwa: mtutu ukiwa umefungwa, usichezecheze kushoto na kulia.

Futa mafuta kwenye mifereji ya reli, ndani ya pete na kwenye skrubu kwa spiriti. Chuma chenye mafuta kinateleza hata kikikazwa. Weka kishikio, shusha pini kwenye tundu, kisha kisukume nyuma mpaka pini iguse ukingo wa nyuma wa tundu; ndipo ukaze skrubu za reli. Ukiacha pini ielee katikati ya tundu, kishikio kitatambaa mpaka kigote, na sifuri yako itahama nacho.

Laza darubini kwenye pete, rudisha vifuniko vya juu, na zikaze skrubu kiasi cha kuishika tu, iweze kuzungushwa na kusogezwa kwa mkono. Weka ukuzaji wa juu kabisa, mara 9, kwa kuwa hapo ndipo nafasi ya jicho huwa finyu zaidi. Funga macho, inua bunduki begani na uweke shavu kama unavyolenga siku zote, kisha fumbua. Ukiona duara jeusi limezunguka picha, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Kwa kawaida jicho linakuwa sentimita 8 hadi 10 kutoka kioo cha nyuma. Pete zisibane pale bomba linapoanza kupanuka, wala zisiguse sanduku la nobu za kusogeza msalaba. Acha milimita chache kila upande.

Kunyoosha msalaba ni kazi ya fundi mwashi. Ning'iniza timazi umbali wa mita 10, mahali pasipo na upepo. Ilaze bunduki kwenye mifuko ya mchanga na uipime kwa pimamaji juu ya sehemu iliyo bapa, kisha zungusha darubini mpaka uzi wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi wa timazi. Wanaonyoosha kwa jicho tu, kila mmoja huona wake ndio umenyooka, mpaka apewe bunduki ya mwenzake. Msalaba ulioinama digrii 5 hauonekani kuwa tatizo kwenye mita 25. Tatizo linajitokeza ukivuka mita 40, peleti zinapokwenda pembeni kwa sentimita nzima na zaidi, nawe unalaumu upepo.

Sasa kaza vifuniko. Nenda kwa mtindo wa kukatiza, kama unavyofunga nati za gurudumu la gari: robo duru hapa, robo duru upande wa pili, pengo la kushoto na la kulia likibaki sawa. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, darubini inageuka na kazi ya timazi imepotea. Nguvu inayotosha ni niutoni-mita 1.7 hadi 2. Asiye na bisibisi ya kupimia ashike aleni ki fupi kwa vidole viwili, aache inapogoma. Kukaza kupita kiasi kunaminya bomba, na ndani ya bomba kuna bomba jingine dogo linalosogezwa na nobu. Likibanwa, kliki, yaani hatua ndogo za nobu, zinalia lakini hakuna kinachosogea. Rudia kupima kwa timazi, kisha chora mstari mwembamba wa penseli unaovuka kutoka kishikio hadi reli. Ndio shahidi wako.

Mwisho wa kazi ya mezani ni jicho. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga, kamwe si jua, na uzungushe kioo cha nyuma mpaka msalaba uwe mkali mara tu unapochungulia. Tazama kwa sekunde mbili tatu, pumzisha, tazama tena. Ukikazia macho kwa muda mrefu, jicho lenyewe linajirekebisha na kukudanganya.

Uwanjani

Peleti ni risasi ya risasi kweli, madini laini, lakini ikigonga jiwe au chuma inarudi. Vaa miwani, wewe na aliye karibu nawe. Nyuma ya karatasi weka sanduku lililoshindiliwa matambara au magazeti, na nyuma yake ubao mnene au kichuguu cha udongo. Unapopakia bunduki ya kukunja, mkono mmoja uushike mtutu wakati wote. Kifyatulio kikiachia mtutu ukiwa wazi, mtutu unajifunga kwa nguvu yote ya springi, na vidole vimekatika kwa njia hiyo. Usiifyatue bila peleti pia: pasipo kizuizi mbele, pistoni inajigonga mwisho wa silinda na kuvunja sili.

Chagua aina moja ya peleti, kopo moja, na usichanganye. Za gramu 0.5 hadi 0.55 zenye kichwa cha mviringo ni pa kuanzia pazuri kwa kipenyo cha 4.5.

Namna ya kushika ina uzito kuliko darubini yenyewe. Usiegemeze mtutu wala mbao ya mbele juu ya kitu kigumu. Weka mkono wa mbele juu ya mfuko wa mchanga, kiganja wazi, bunduki ikilala juu yake bila kubanwa, kila mara mahali palepale. Bega liguse tu. Iache iruke itakavyo, mradi iruke vilevile kila mara. Ukiibana leo na kuiachia kesho, sifuri itakuwa mbili.

Anza kwa mita 10, karatasi kubwa yenye nukta katikati. Piga tatu bila kugusa nobu, hata kama ya kwanza imekwenda mbali. Kupima ni kutoka katikati ya kundi la matundu, si kutoka tundu moja. Anayekimbiza kila peleti kwa kliki mbili hufunga siku anazunguka nukta bila kuigusa.

Hesabu ya kliki ni hii. Darubini nyingi zimeandikwa ¼ MOA; MOA, kama MRAD, ni kipimo cha pembe ndogo. Kliki moja ni milimita 7.3 kwa mita 100, hivyo ni 1.8 kwa mita 25 na 0.7 kwa mita 10. Zilizoandikwa 0.1 MRAD ni milimita 10 kwa mita 100, na 2.5 kwa mita 25. Mishale iliyo kwenye nobu huonyesha upande ambao matundu yatahamia: ikiwa yako chini, zungusha kuelekea juu.

Kwenye mita 10 usiyapeleke matundu kwenye nukta yenyewe. Yaache sentimita moja hivi chini yake, yakiwa yamenyooka kushoto na kulia. Darubini iko milimita 45 hivi juu ya mtutu, na peleti bado inapanda kuufikia mstari wa jicho.

Hamia mita 25, rekebisha pete ya umbali mpaka picha iwe kali, kisha tikisa kichwa kidogo pembeni: msalaba ukitambaa juu ya shabaha, endelea kurekebisha mpaka utulie. Usiamini namba zilizochorwa kwenye pete hiyo, ni makadirio. Piga tano. Tuseme katikati ya kundi iko milimita 36 chini na 18 kushoto: kliki 20 juu, kliki 10 kulia. Piga mbili za kutuliza nobu, usizihesabu, kisha tano nyingine. Darubini za bei nafuu haziendi sawasawa na maandishi yake, kwa hiyo tarajia raundi ya pili ya kliki mbili tatu. Matundu matano yakiingia ndani ya sarafu na katikati yake ikiwa kwenye nukta, simama hapo.

Kliki zikiisha kabla hujafika

Hili ni la bunduki za kukunja hasa. Mtutu wake mara nyingi hufungwa ukiwa umeinama chini kidogo kuliko reli, na bunduki za zamani za Diana zilijulikana kwa hilo. Peleti zinatua chini, unazungusha nobu juu mpaka inagota. Hata kabla ya kugota, springi ndogo inayosukuma bomba la ndani imeshalegea, na sifuri inaanza kutangatanga. Nobu isikae karibu na mwisho wake. Hesabu kliki zote kutoka chini hadi juu, gawa kwa mbili, na ujitahidi kubaki jirani na katikati.

Dawa ni kuinua nyuma ya darubini. Kipande cha bati la kopo la soda, unene wa milimita 0.1, kikiwekwa chini ya bomba kwenye pete ya nyuma, na pete zikiwa sentimita 10 mbali, kinapandisha matundu sentimita 2.5 kwa mita 25. Vipande viwili ni mwisho. Zaidi ya hapo bomba linapinda, na ni afadhali kununua kishikio chenye mwinamo au kinachorekebishika.

Dalili na chanzo chake

Matundu yakihama polepole upande wa wima kadiri siku inavyokwenda, tazama mstari wa penseli: kishikio kinatambaa. Yakijigawa makundi mawili, rudi kwenye skrubu za kitako, bolti ya mtutu na mahali shavu linapokaa. Kliki zisipofanya kazi halafu peleti ya tatu ikaruka ghafla, pete zimekazwa mno au nobu iko mwishoni. Moshi mdomoni mwa mtutu na mlio mkali kuliko kawaida ni mafuta yanayoungua ndani ya silinda. Kasi inapanda na kushuka, na kundi haliwezi kukaa mpaka yaishe. Usitie mafuta ya kawaida humo.

Mkengeuko wa pembeni mkubwa tangu mwanzo, kwa mfano sentimita 10 kwa mita 25, huwa ni kishikio kilichokaa upande. Kitoe, safisha mifereji, kigeuze mbele nyuma ikiwa muundo unaruhusu, ufunge upya. Mtutu uliopinda upo, lakini ni wa kushukiwa mwisho.

Baada ya sifuri

Kwa bunduki ya jouli 16 iliyosetiwa mita 25, peleti hukatiza mstari wa jicho mara ya kwanza karibu mita 15, inapanda milimita mbili tatu juu yake kwenye mita 20, inarudi kwenye msalaba mita 25, inashuka sentimita moja hivi kwenye mita 30 na zaidi ya sentimita 2 kwenye mita 35. Ya jouli 7.5 inaanguka haraka zaidi. Iseti mita 20 au chini yake. Takwimu hizi ni za kuanzia tu. Piga karatasi kila mita 5 uone yako inasemaje.

Legeza skrubu ndogo ya juu ya nobu, kama ipo, zungusha kibao cha namba mpaka sifuri ilingane na alama bila kuzungusha nobu yenyewe, na ukaze. Andika aina ya peleti na mshuko wa kila umbali kwenye karatasi ndogo, uibandike ndani ya kifuniko cha lenzi. Kopo likiisha na la jina jingine likafunguliwa, karatasi hiyo haifai tena: rudi mita 10 uanze.